Nyumba Ikiwa na Shida, Masomo ya Mtoto Yasilale



Hakuna nyumba isiyopata shida. Leo ni mama amelazwa hospitali, kesho ni matanga, mwaka ujao ni mvua imekataa kunyesha au imenyesha kupita kiasi. Shida ikiingia, ng'ombe bado atakamuliwa, maji bado yatatekwa na sufuria itapanda motoni. Lakini daftari la mtoto litawekwa juu ya kabati, na hapo litakaa mpaka vumbi lilifunike. Tunaambiana, "Acha kwanza mambo yatulie, atasoma baadaye." Wiki inakuwa mwezi, na mwezi unakuwa muhula.

Katika ukurasa huu tunataka kueleza kwa nini masomo ya mtoto hayafai kungoja mpaka shida iishe, na jinsi nyumba iliyochoka inaweza kumsaidia mtoto aendelee kujifunza kidogo kila siku. Hatusemi mzazi ageuke mwalimu. Tunasema nusu saa kwa siku, na kikundi kikiwa karibu.

KWANZA TUELEWANE: MAHALI PA MTOTO NI SHULENI

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kupata elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamwagiza mzazi kumwandikisha mtoto shuleni na kuhakikisha kwamba anahudhuria. Kwa hivyo masomo ya nyumbani tunayoeleza hapa ni kama daraja la miti linalowekwa mtoni wakati daraja lenyewe limesombwa na maji. Linakuvusha, lakini hakuna anayejenga nyumba juu yake. Ikiwa mtoto anaweza kwenda shule hata siku tatu kwa wiki, basi aende siku hizo tatu.

Lakini tunajua kwamba ziko siku ambazo haiwezekani. Mwaka 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, shule zote nchini zilifungwa katikati ya mwezi wa Machi. Gredi ya 4, darasa la 8 na kidato cha 4 walirudi tarehe 12 Oktoba, na wengine wote wakangoja mpaka tarehe 4 Januari 2021. Hiyo ni zaidi ya miezi tisa. Mwaka 2024 mafuriko yalichelewesha muhula wa pili. Shule zilikuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili, zikafunguliwa tarehe 13 Mei. Na hayo ni yale yaliyotangazwa redioni. Mtoto anayebaki nyumbani kwa sababu mama ni mgonjwa hatangazwi mahali popote. Anayejua ni jirani, na jirani huyo pengine ni mwanakikundi mwenzako.

KWA NINI TUSINGOJE

Kuna watu husema, "Mtoto akishajua kusoma amejua, hawezi kusahau." Kwa mtu mzima aliyesoma miaka mingi hiyo ni kweli kwa kiasi fulani. Kwa mtoto wa Gredi ya 2 au ya 3 si kweli. Mtoto huyo anasoma kama mtu anayejifunza kuendesha baiskeli, bado anayumba. Kila neno analisukuma silabi kwa silabi, na nguvu zake zote zinaishia hapo. Akifika mwisho wa sentensi amesahau mwanzo wake. Akiendelea kusoma kila siku, maneno yanaanza kuja yenyewe, na akili inapata nafasi ya kuelewa. Akiacha kwa miezi miwili wakati bado anayumba, akirudi anaanza karibu pale alipoanzia.

Hesabu nayo inajengwa kama ukuta wa matofali. Mtoto asiyejua kujumlisha vizuri hawezi kuzidisha, na asiyejua kuzidisha atasumbuka na kugawanya na sehemu. Wenzake wakiendelea kupandisha ukuta na yeye hayupo, akirudi anakuta mstari wa saba na yeye aliachia wa nne. Hapo ndipo mtoto anaanza kuketi nyuma, kunyamaza, na mwishowe kusema shule haimfai. Wengi wanaoacha shule hawakuamua siku moja kuacha. Waliteleza polepole, na mwanzo wa kuteleza ulikuwa wakati nyumba ilikuwa na shida na hakuna aliyeangalia.

Kwa wasichana hatari ni kubwa zaidi. Mama akiugua, ni nani anayeachiwa mtoto mchanga, kuni na sufuria? Mara nyingi ni msichana mkubwa. Akizoeleka kuwa mama wa nyumba, ni vigumu kumrudisha shuleni, na watu wanaanza kusema ameshakuwa mkubwa, aolewe. Daftari likiwa bado linafunguliwa kila jioni, kila mtu katika nyumba hiyo, pamoja na yeye mwenyewe, anakumbuka kwamba yeye ni mwanafunzi.

SHIDA INAFANYA NINI KATIKA KICHWA CHA MTOTO

Mzazi atasema, "Nimejaribu kumfundisha, lakini huyu mtoto amekuwa mjinga siku hizi. Namweleza jambo, dakika mbili amesahau." Si ujinga huo. Akili ya mtoto mwenye wasiwasi inafanana na debe lililojaa maji. Ukimimina tena, yanamwagika. Anawaza: Mama atapona? Baba ameenda wapi? Kesho tutakula? Mawazo hayo yanachukua ile nafasi ambayo angeitumia kushika swali la hesabu kichwani mpaka alimalize. Ongeza njaa na usingizi wa nusu usiku, na mtoto aliyekuwa wa tatu darasani anaonekana hajui kitu.

Dalili nyingine za mtoto mwenye msongo ni hizi: kukojoa kitandani wakati alikuwa ameacha, kuumwa na kichwa au tumbo mara kwa mara, kupigana na ndugu zake, kunyamaza sana, au kumshika mzazi nguo na kukataa kuachwa. Ukiona hayo, fimbo haisaidii. Hofu ndiyo imemfungia mlango, na fimbo ni hofu nyingine juu yake. Maumivu yakiendelea, mpeleke kituo cha afya aangaliwe, kwa maana inaweza kuwa ugonjwa.

Kuna mambo matatu ya kufanya kabla ya kufungua kitabu.

1. Mwambie mtoto ukweli kwa maneno ya umri wake. Watoto wanasikia kila kitu kupitia ukutani, na yale wasiyoelezwa wanajitungia wenyewe, mara nyingi mabaya kuliko ukweli. Wengine hufikiri wao ndio walioleta shida kwa utundu wao. Mwambie: "Mama ni mgonjwa, daktari anamtibu. Hatujui atarudi lini. Si kosa lako. Wewe utakuwa hapa na shosho, na jioni tutasoma kama kawaida."

2. Weka mambo machache yasiyobadilika. Mtoto ambaye dunia yake imepinduka anatafuta kitu cha kushika. Kula saa moja ileile, kusali pamoja kabla ya kulala, kusoma saa ileile: hayo ni nguzo. Nyumba ikiwa na nguzo mbili tatu, mtoto anaanza kupumua.

3. Asome akiwa ameshiba kidogo. Hata kama ni uji tu, kikombe kitangulie kitabu. Na ikiwezekana asome mapema jioni kabla ya giza. Koroboi inaumiza macho, inajaza moshi, na mafuta yanagharimu.

NUSU SAA YA KILA SIKU

Kosa la wazazi wengi wenye bidii ni kutaka kuhamisha shule yote ije nyumbani: masomo yote, vitabu vyote, tangu asubuhi mpaka jioni. Siku ya kwanza inawezekana, siku ya pili kuna kelele, siku ya nne kila mtu amechoka na daftari limerudi juu ya kabati. Nyumba yenye shida haina nguvu hizo. Chagua kidogo ambacho unaweza kukifanya hata siku mbaya kabisa. Nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki, ni saa mbili na nusu. Kwa wiki kumi na mbili ni saa thelathini. Haba na haba hujaza kibaba.

Gawanya nusu saa hiyo mara tatu.

Dakika kumi za kusoma kwa sauti. Mtoto asome, wewe usikilize huku ukichambua mboga. Ikiwa hakuna kitabu cha hadithi, tumia kitabu cha shule cha mwaka uliopita, Biblia, kitabu cha nyimbo, gazeti la zamani, pakiti ya mbegu au jarida hili. Akikwama kwenye neno, mngoje kidogo ajaribu. Akishindwa, mwambie neno hilo aendelee. Usimcheke, na usiwaache ndugu zake wamcheke.

Dakika kumi za hesabu. Tumia mahindi, maharagwe au vifuniko vya soda kwa wadogo. Punje kumi na mbili, azigawe mafungu matatu: kila fungu lina ngapi? Kwa wakubwa chukua mambo ya nyumbani. Nyumba inatumia mitungi minne ya lita 20 kwa siku, kwa wiki ni lita ngapi? Gunia la mahindi la kilo 90 linatoa gorogoro ngapi, ikiwa gorogoro moja ni kilo 2? Shamba lina upana wa mita 15 na mistari ya mahindi iko sentimita 75 mmoja hadi mwingine: tutapata mistari mingapi? (Majibu: lita 560, gorogoro 45, mistari 20.)

Dakika kumi za kuandika. Mdogo aandike jina lake, majina ya watu wa nyumbani, na sentensi moja. Mkubwa aandike barua kwa mama aliye hospitali, au kwa baba aliye mbali kazini, na barua hiyo ifike kweli. Au aandike hesabu ya nyumba: leo tulinunua nini, tuliuza maziwa kiasi gani, zimebaki pesa ngapi. Mtoto akiona maandishi yake yanafanya kazi ya kweli, anaandika kwa moyo. Tena mtoto mwenye huzuni huandika mambo ambayo hawezi kuyasema kwa mdomo. Akiandika hivyo, usianze na kusahihisha herufi. Soma kwanza, kisha zungumza naye.

Mwisho wa nusu saa, kabla hajafunga daftari, muulize swali moja la jana: "Jana tulisoma nini?" Usimwonyeshe, mwache atafute kichwani. Huko kutafuta kunakaza kumbukumbu kuliko kusoma ukurasa uleule mara tatu. Muulize tena baada ya siku tatu, na tena baada ya wiki. Ni kama kupita njia ya shambani. Ukipita mara nyingi nyasi hazioti.

NA MZAZI ASIYEJUA KUSOMA?

Hapa wengi wanajiondoa. "Mimi sikusoma, nitamsaidia na nini?" Mama, baba, shosho, msikubali kujiondoa. Kumsikiliza mtoto akisoma hakuhitaji cheti. Mwambie asome, kisha akueleze kwa lugha ya nyumbani alichosoma. Muulize: Ni nani katika hadithi hii? Alifanya nini? Kwa nini? Wewe unafikiri alifanya vizuri? Akieleza vizuri, ameelewa. Akibabaika, mwambie arudie ukurasa. Wewe hujasoma hata neno moja, lakini umefundisha.

Tena hadithi za jioni, vitendawili na methali ni masomo. Mtoto anayesikiliza hadithi ndefu anajifunza kufuata jambo tangu mwanzo hadi mwisho, kukumbuka na kukisia litakalofuata. Huo ndio msingi wa kusoma. Msione haya kutumia lugha ya mama. Mwongozo wa elimu wa nchi yetu wenyewe unasema watoto wa chekechea mpaka Gredi ya 3 wafundishwe kwa lugha ya mahali wanapokaa. Maandiko nayo, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 6, yanaiweka kazi ya kufundisha watoto mikononi mwa watu wa nyumbani, wakiwa wamekaa au wakiwa njiani. Hayakungoja ubao na chaki.

KAZI YA NYUMBANI NI SOMO, LAKINI TUSIJIDANGANYE

Kupika, kuuza na kulima kunaweza kumfundisha mtoto mengi. Akipima unga anajifunza vipimo. Akirudisha chenji anajifunza kutoa. Akipanda mahindi sentimita 75 mstari hadi mstari na 25 shimo hadi shimo, anajifunza kutumia rula. Lakini kazi inakuwa somo pale tu mtu anapomuuliza swali na kumpa nafasi ya kufikiri. Kumtuma mtoto mtoni mara sita kwa siku si somo la hesabu, ni kuteka maji.

Kwa hivyo pimeni. Kama mtoto anafanya kazi tangu alfajiri mpaka usiku na nusu saa haipatikani, basi kazi imezidi. Kaeni kama familia mgawane upya. Mvulana anaweza kuosha vyombo. Baba anaweza kubeba mtoto mchanga nusu saa wakati msichana anasoma. Hakuna heshima inayopungua hapo.

SHIDA MBALIMBALI, NJIA MBALIMBALI

Mgonjwa nyumbani. Ikiwa mgonjwa ana nguvu ya kusikiliza, mtoto asome kando ya kitanda chake, kama daktari hajakataza kwa sababu ya kuambukiza. Mgonjwa anafurahi kwamba bado ni mzazi, na mtoto anapata muda naye.

Matanga. Siku za mazishi msimlazimishe mtoto kusoma. Mwache alie na wengine na aage. Lakini kabla wageni hawajatawanyika, mtu mmoja wa ukoo apewe kazi hii kwa jina lake: kuhakikisha watoto wamerudi shuleni wiki inayofuata. Ikisemwa tu "tutaangalia watoto," hakuna atakayeangalia.

Ukame na mafuriko. Familia ikihama, mfuko wa nailoni wenye daftari, kalamu, kitabu kimoja, kadi ya kliniki na nakala ya cheti cha kuzaliwa uwe wa kwanza kufungwa. Mkifika, tafuteni shule ya karibu na mwalimu mkuu aelezwe. Asimkatae mtoto kwa sababu hana sare.

Ugomvi wa wazazi. Hii ndiyo ngumu kuliko zote, kwa maana hakuna anayeitangaza. Baba na mama, hata kama hamsemezani, kubalianeni jambo hili moja: saa ya kusoma hakuna kelele. Msimtume mtoto kuwa mjumbe kati yenu. Na kama kuna kupigwa au kudhulumiwa, hilo si jambo la daftari tena. Mtoto aondolewe kwenye hatari kwanza. Zungumzeni na chifu, ofisi ya watoto, au mpige simu namba 116, ambayo ni ya bure na ni ya kusaidia watoto.

KAZI YA KIKUNDI

Kidole kimoja hakivunji chawa. Nyumba yenye shida haiwezi kushika hata nusu saa peke yake kwa muda mrefu. Mambo haya yako ndani ya uwezo wa kikundi cha kawaida, bila mfadhili.

1. Ajenda ya watoto. Katika kila mkutano, baada ya maombi na kusoma kumbukumbu, mwenyekiti aulize: "Kuna mtoto wa nyumba gani ambaye hakwenda shule wiki hii, na kwa nini?" Katibu aandike. Msiulize kwa kulaumu, kwa maana mkilaumu, watu wataficha.

2. Meza moja ya kusoma. Watoto wa nyumba tatu au nne za karibu wakutane kwa nyumba moja jioni, na wazazi wapokezane kukaa nao. Mzazi aliye na mgonjwa asiwekwe zamu. Mtoto wa Gredi ya 6 amsikilize wa Gredi ya 2 akisoma. Wote wawili wanafaidika, kwa maana anayefundisha anajifunza mara ya pili.

3. Sanduku la vitabu. Kila mwanakikundi alete vitabu ambavyo watoto wake wameshamaliza. Mwekeni mtu mmoja wa kuandika nani amechukua nini na lini. Vitabu ishirini vinavyozunguka ni bora kuliko mia vilivyofungiwa.

4. Mjumbe wa shule. Mtu mmoja aende kwa mwalimu wa darasa mara moja kwa wiki kuuliza darasa limefika wapi, na alete kazi ya kufanya. Walimu wengi hufurahi wakiulizwa. Kama kuna mwalimu aliyestaafu kijijini, mwombeni awatembelee watoto Jumamosi moja kwa mwezi.

5. Mfuko mdogo. Katika michango yenu ya mzunguko tengeni kiasi kidogo cha kalamu, daftari na sabuni ya sare. Mara nyingi mtoto anakosa shule kwa sababu ya vitu vya bei ya chini sana. Si lazima iwe karo.

6. Kuipunguzia nyumba mzigo. Siku moja wanakikundi wakiteka maji na kutafuta kuni kwa nyumba ya mgonjwa, msichana wa nyumba hiyo amepata siku nzima ya shule. Huo ni msaada wa elimu hata kama haukuja na kitabu.

KURUDI SHULENI

Shida ikipungua, msingoje mwanzo wa muhula. Mrudisheni mtoto hata kama ni Jumatano ya katikati. Mzazi au mjumbe wa kikundi afuatane naye siku ya kwanza, amweleze mwalimu mkuu na mwalimu wa darasa yaliyotokea na yale mtoto aliyokuwa akifanya nyumbani. Chukueni daftari la nyumbani mwonyeshe. Mwalimu akiliona atajua aanzie wapi, na mtoto ataingia darasani akiwa na kitu mkononi, bila kujificha.

Ombeni mwalimu asimrudishe darasa la nyuma haraka. Mtoto aliyefiwa, tena akatengwa na wenzake wa rika, anapata kidonda juu ya kidonda. Na ile nusu saa ya nyumbani iendelee kwa mwezi mmoja au miwili mpaka awafikie wenzake. Msichana aliyejifungua naye ana haki ya kurudi. Serikali inaruhusu, na sisi tulio kanisani tuwe wa kwanza kumfungulia mlango.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Je, kijijini kwetu kuna watoto wangapi walio nyumbani wiki hii? Tunawajua kwa majina?

2. Katika nyumba zetu, shida ikija, ni mtoto gani anayeachishwa masomo kwanza? Kwa nini ni huyo?

3. Nusu saa ya kusoma inaweza kuwa saa ngapi kwetu, tukikumbuka kazi za jioni?

4. Ni nani kati yetu anaweza kuwa mjumbe wa shule? Ni nani ana mahali pa kuweka sanduku la vitabu?

5. Tutaanza na jambo gani moja kabla ya mkutano ujao?

Ndugu zetu, hatuna uwezo wa kuzuia ugonjwa usiingie nyumbani wala kuiamuru mvua inyeshe. Lakini mtoto akipita katika shida huku akisoma ukurasa mmoja kila siku, atatoka upande ule mwingine akiwa bado mwanafunzi. Jadilianeni, mwanze na mtoto mmoja mnayemjua, kisha mtuandikie mtueleze mlivyofanya, ili vikundi vingine vijifunze kutoka kwenu. Mungu awabariki katika kazi hii.